Mawaridi ya Siagi

Mwezi uliopita nilirudi Arusha nikitokea Babati, ambako nilikaa kitambo nikipika kwenye mgahawa wa stendi mpaka nikauchoka. Mimi huchoka mahali kama wengine wanavyochoka nguo. Basi lilinishusha asubuhi, sikuwa na mtu wa kunipokea, nikaanza kuzunguka mjini nione kilichobadilika. Karibu na soko kuu nikakuta duka la vitu vya keki. Keki zenyewe hawauzi, wanauza vifaa tu. Vijidomo vya bati vya kuchorea maua vimening'inizwa ukutani, rangi ziko kwenye vichupa vidogo kama dawa ya macho, sukari ya unga imefungwa tayari. Pembeni yamepangwa mapande meupe ya povu gumu, lile linalokuja na televisheni mpya, yamekatwa kwa umbo la keki, makubwa chini, madogo juu.

"Haya ni ya nini, mdogo wangu?" nikamuuliza binti wa dukani, ingawa nilijua.

"Keki feki hizo, dada. Unapamba juu yake, halafu unaweka moja ya kweli ya kukata. Nikupe saizi gani?"

"Na wageni wakijua?"

"Wakijua nini?"

"Kwamba si keki."

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Dada yangu, nani siku hizi anakula ngazi zote? Watu wanakuja kupiga picha."

Nikamuaga nikatoka. Nilisimama kando ya muuza parachichi kama mtu aliyetoka jela akaambiwa kwamba kosa lililomfunga si kosa tena. Unanifahamu, sipendi kusimulia habari za nyumbani. Lakini hii acha nikusimulie.

Nyumba ya Bibi ilikuwa juu ya Usa River, upande wa mlimani, ambako barabara ya lami ni kitu cha kusikia tu, mngurumo wa malori ya Moshi unaopanda na upepo wa jioni. Migomba ilikuja mpaka madirishani. Chini ya migomba kahawa, na katikati ya shamba ulipita mfereji wa maji ya mlimani, ya baridi kiasi kwamba ukiosha vyombo asubuhi ya Julai vidole vinakataa kushika kijiko. Ukisimama kwenye jiwe la kufulia ukatazama bondeni, unaona mashamba ya maua, mahema marefu ya nailoni nyeupe yaking'aa juani kama ziwa. Mama yangu alifanya kazi humo kabla hajaenda Dar es Salaam. Ya wakati ule nakumbuka mikono yake tu, imechanwachanwa na miiba, ikinifunga vifungo vya sweta. Kisha akaenda kutafuta maisha, kama wanavyosema, kana kwamba maisha ni kuku aliyepotea.

Nikabaki na Bibi. Alinilea kwa makande na loshoro, yale mahindi na ndizi zilizopondwa ndani ya maziwa ya mgando, na kwa maneno machache. Mama alikuwa akipiga simu kwa jirani mwenye simu, na tukikimbizwa kwenda kuipokea, ahadi ilikuwa ile ile. "Kipaimara chako nitakuja. Hata nikiwa maiti nitaletwa." Nilikuwa nikiirudia njiani kama sala. Watoto wengine walisubiri Krismasi. Mimi nilisubiri kipaimara.

Shule niliiacha kidato cha kwanza. Haikuwa kwa ujinga, maana nilitaka kujua kila kitu. Kwa nini maziwa hupanda yakichemka na maji hayapandi, kwa nini Mlima Meru unajifunika saa za asubuhi na kujifunua jioni. Mwalimu wa hesabu aliniambia mbele ya darasa, "Wewe maswali yako ni mazuri, ila hayapo kwenye mtihani." Nikakaa nikaona ni kweli, hayapo. Nikaacha kwenda. Bibi alinifukuza na fimbo mpaka mkono wake ukachoka, akanipa jembe.

Ng'ambo ya ua wa michongoma alikuwa amepanga mwanamke wa Kitanga. Alikuja huku akimfuata mumewe, dereva wa malori. Mume akafa, yeye akabaki na sufuria zake. Watu wote walimwita Mama Keki, ingawa mtoto hakuwa naye. Siku ya kwanza nilikwenda kwake kuomba moto. Nikamkuta ametenga sufuria kubwa jikoni, ndani yake mchanga, juu ya mchanga sufuria nyingine, na juu ya kifuniko mkaa unaowaka. Nikasahau moto nilioujia.

"Shikamoo mama. Mbona moto umeuweka juu?"

"Marahaba. Kwani jua liko wapi?"

Nikakaa. Nadhani ndiyo mara pekee katika maisha yangu nilipokaa mahali bila kuwaza mlango.

Mama Keki hakuwa na jiko la umeme wala mashine ya kupigia. Alikuwa na mwiko, bakuli la bati, na tangu siku ile akawa na mimi. Tulipiga siagi ya kopo na sukari mpaka ikawa nyeupe kama meno ya mtoto, na mkono wangu ukawa si wangu. Sukari ya unga tuliitwanga wenyewe kwenye kinu, tukaichekecha kwa kipande cha shela, vumbi lake likatukaa kwenye kope na nyuki wakatufuata mpaka ndani. Rangi ya pinki tulikamua kwenye bitiruti, ya njano tukachukua kwenye manjano ya mchuzi, ya kijani kwenye mchicha. Friji yetu ilikuwa mfereji. Bakuli la siagi lilikaa majini limezungushiwa mawe, na kabla ya kupamba Mama Keki aliniamuru nitumbukize mikono humo humo mpaka iume, kwa sababu mkono wa moto huyeyusha ua kabla halijazaliwa.

Lakini kupamba hakuniruhusu mapema. Siagi si ya kuchezea, alisema. Alipika uji mzito wa muhogo, akauacha upoe, akautia kwenye mfuko wa nailoni aliotoboa pembe na kuuvalisha kijidomo cha bati, akanipa kifuniko cha sufuria. "Chora mstari."

Nikachora.

"Mstari huo umelewa. Futa."

Nilichora na kufuta mpaka kuku wa Bibi wakaijua saa yangu ya masomo, wakawa wanakuja wenyewe na kusubiri miguuni. Bibi aliona kupitia michongoma, akapaza sauti. "Watu wanalala njaa, ninyi mnachora na chakula!"

"Kinaliwa, mama!" Mama Keki akamjibu. "Kuku wako ndio wanaokula, na mayai waokota wewe!"

Bibi akaenda kuangalia viota. Wiki ile mayai yalikuwa mengi kweli.

Mstari ulipopona ulevi tukaenda kwenye maganda ya chaza, kisha majani, kisha waridi. Hapo nilikwama. Waridi langu la kwanza Mama Keki alilizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. "Hiki ni kinyesi cha kuku au mie sioni vizuri?" La pili akasema limefiwa na mume. La tatu akasema afadhali lililofiwa. Yeye mwenyewe alichora waridi kwa kuzungusha mkono mara moja, kama mtu anayefukuza nzi, na ukimwomba arudie polepole alishindwa. "Mkono wajua, mie sijui," alisema.

Basi nikaenda kujitafutia. Wanawake waliotoka mashamba ya maua jioni walibeba mawaridi yaliyokataliwa, yenye kovu au shina fupi, wakawapa ng'ombe. Niliwaomba machache, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, nikayafungua jani moja moja. Hayakuwa na harufu. Yalilimwa kwa ajili ya ndege ya kwenda Ulaya, na ndege haihitaji harufu. Nikaona kumbe majani ya ndani yamefumba kama ngumi ya mtoto mchanga, ya nje yameegemea nyuma, na kila jani linaanzia katikati ya mgongo wa mwenzake. Nikarudi kwenye uji nikajenga waridi kama nilivyolibomoa. Mama Keki aliliangalia muda mrefu. Hakunisifu. Alikwenda mferejini, akaleta bakuli la siagi, akaniwekea mbele. Huo ndio mtihani pekee niliowahi kufaulu.

Sasa nikueleze desturi moja ya kwetu, maana bila hiyo hutaelewa. Watu walitaka keki za ngazi. Kipaimara chenye keki ya ngazi moja kilikuwa kama kwenda kanisani peku. Lakini mayai na siagi vya ngazi tatu nani angeviweza? Mama Keki alipofika huku alileta njia yake. Ngazi moja alioka, ya chini, pana, ya kutosha wageni. Zile za juu zilikuwa maboksi. Boksi la sabuni, boksi la biskuti, akayavalisha siagi na maua, na kwa macho hakuna aliyeweza kutofautisha. Ngazi ya kweli aliizungushia utepe. Na kila mtu alijua. Mshereheshaji alijua, wazazi walijua, hata watoto walijua: kisu kinafuata utepe. Halikuwa jambo la kutaja, kama usivyotaja kwamba suti ya bwana harusi ni ya kuazima. Msimu hata msimu, kisu kilikwenda kwenye utepe, watu wakapiga vigelegele, maboksi yakarudishwa ndani na heshima yao.

Mwaka wangu ulipofika, Mama Keki alisema, "Hii yako sishiki hata kijiko." Nikaoka mwenyewe, nikapiga siagi mwenyewe. Siku hizo hizo Mama alituma viatu kwa basi, vyeupe, vyenye kisigino kidogo. Vilinibana. Alikuwa anaukumbuka mguu wa zamani. Bibi alivijaza magazeti yaliyoloweshwa ili vitanuke, navyo vikakataa. Lakini boksi lake! Lilikuwa gumu, pembe zimenyooka, kifuniko kimeandikwa jina la duka kwa herufi za dhahabu. Nikamwambia Mama Keki nataka hilo ndilo liwe ngazi ya juu kabisa.

"Kwa nini? Si litafunikwa, hakuna atakayeliona."

"Mimi nitajua liko."

Akanitazama, akasema, "Haya bwana." Nadhani alielewa. Ahadi za simu nilizizoea. Nilitaka Mama asipokuja, angalau kitu chake kiwe pale juu mezani.

Mchana kutwa wa siku iliyotangulia nilipamba. Mvua ilinyesha, jambo jema, kwa sababu siagi ilikaa imara. Ngazi ya chini niliizungushia pindo la maganda na utepe wa bluu. Ya kati majani. Na kwenye boksi la viatu niliweka kila nilichokuwa nakijua. Mawaridi yalilifunika lote, mengine yamefumba, mengine yamefunguka, mengine yanaanza kunyauka pembezoni, kwa sababu nilishayaona yakinyauka na nilitaka kuona kama siagi nayo inaweza. Iliweza. Mama Keki alikaa kwenye kigoda mkono shavuni. "Mwanangu weye," alisema, "mie nimefika mwisho. Hapa ulipo sijawahi kufika."

Na Mama akaja.

Nilimwona baada ya ibada, akishuka kwenye gari la kukodi pale kwa Bibi, na mwanaume mwenye miwani aliyekuwa anataka kumwoa, na dada wawili wa mwanaume huyo. Alinukia vizuri. Alinishika mashavu, akanitazama juu mpaka chini, macho yakatua miguuni. "Vimekutosha!"

"Vimenitosha, mama."

Bibi alijaribu kumvuta pembeni. "Njoo kwanza nikwambie kitu."

"Baadaye, mama, ngoja niwakalishe mawifi." Alikuwa na hofu na wageni wake, nilimwona anavyofuta viti na ncha ya mtandio. Mama Keki naye alisogea, akasalimia, lakini muziki ulikuwa umeshafunguliwa, na Mama hakumjua ni nani. Alimpa mkono kama unavyompa mgeni yeyote na kupita.

Turubai lilijaa. Mbuzi alikuwa amechinjwa na Mwislamu, kama ilivyo kawaida yetu, ili wote wale, na harufu ya nyama ilikuwa ikitoka nyuma ya nyumba. Mshereheshaji, fundi cherehani wa pale barabarani ambaye siku za sherehe aligeuka mtu mwingine, alishika kipaza sauti. "Mama mzazi apite mbele, aje alishwe na binti yake!" Wanawake wakamsindikiza kwa kucheza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya keki na kisu chenye utepe mweupe mpinini, na nikuambie ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile, si kabla wala baada. Miaka yote ile niliwaza picha moja tu, kipande kwenye uma, mkono wangu, mdomo wa Mama.

Akaweka mkono wake juu ya wangu. Kisu kikaelekea chini, kwenye utepe.

"Nani amekupambia?" akaninong'oneza.

"Nimepamba mwenyewe."

Mkono wake ukasimama. "Wewe? Yote haya?" Macho yake yakajaa machozi, akayapandisha mpaka kwenye mawaridi. "Haya maua nayajua mimi. Yako hivi hivi kabisa." Akainua kisu. "Basi nataka haya."

Mshereheshaji akaona. "Mama mzazi, shuka, shuka kidogo! Huku chini ndiko kwenye baraka!"

"Baraka hutoka juu!" Mama akamjibu, na turubai zima likacheka, likampenda. Mimi nilikandamiza mkono kwenda chini, yeye akauvuta kwenda juu. Nilikandamiza tena. "Usiyaonee huruma, mwanangu," akaniambia sikioni, "utachora mengine." Wale wa mbele walishaacha kucheka. Nilimwona Bibi ameinuka nusu kutoka kwenye kiti. Na mkono wa mtu mzima una nguvu kuliko wa mtoto.

Kisu kilipoingia kilitoa mlio ambao keki haitoi. Kikakwama. Mama akavuta, kifuniko kikaja na kisu, na mawaridi yote yamening'inia kwenye kisu kama kuku aliyeshikwa miguu. Kisha yakateleza yakaanguka, na jina la duka likabaki limeonekana, herufi za dhahabu zimepakwa siagi. Mama alilisoma. Nilimwona akilisoma.

"He!" wifi mmoja akasema kwa sauti. "Kumbe huku wanakula viatu?"

Mwenzake akacheka. Kisha wakacheka wengine, nyuma kwanza, halafu watu wetu wenyewe, wale waliojua, wakicheka kwa ile aibu isiyojua pa kwenda.

Mama hakunitazama mimi. Alimtazama Bibi. "Mama, ndivyo mlivyonipangia? Mbele ya hawa?"

"Utepe, mwanangu," Bibi akasema. "Utepe uko chini."

"Utepe gani?"

Aliuliza kweli. Alizaliwa kwenye nyumba ile, alikata majani ya ng'ombe kwenye mteremko ule, na hakujua utepe, kwa sababu utepe ulikuja yeye akiwa ameshaondoka. Mpaka mtoto wa jirani aliyekuwa ananyonya kidole angeweza kumwonyesha pa kukata. Nadhani aliliona hilo kwenye nyuso zetu, kwamba wote tunajua jambo moja na yeye hajui, na akalisoma kama njama.

Mshereheshaji akajaribu kuokoa. "Jamani, makofi kwa mama, tunashuka ngazi ya chini sasa..." Mama akaweka kisu mezani taratibu, akachukua mkoba. "Sikusafiri usiku kucha kuja kuaibishwa." Akatoka. Mwanaume wa miwani akamfuata bila kumtazama mtu, mawifi nyuma yake, mmoja bado ameziba mdomo. Nilikimbia mpaka kwenye michongoma, viatu vinaniuma kila hatua. Alikuwa ameshaingia garini, kioo kiko wazi.

"Mama, ile ya chini ndiyo keki. Nimeioka mwenyewe."

"Kawaambie waliokutuma," alisema, "kwamba nimecheka sana."

Gari likaondoka. Nyuma yangu nikasikia vigelegele. Bibi, ambaye hakujua kuacha chakula kiharibike, alikuwa ameikata ngazi ya utepe na kuanza kugawa. Nilikwenda kwenye jiwe la kufulia, nikavua viatu, nikaweka miguu kwenye mfereji, nikakaa huko mpaka turubai likafunguliwa.

Ungedhani iliishia hapo. Wanawake wale wale ambao keki za watoto wao zilisimama juu ya maboksi ya sabuni wakaanza kusema hawakujua. "Mswahili yule, kumbe ametudanganya miaka yote." Nani alidanganywa? Nani aliwahi kuuma boksi? Lakini lilisemwa kisimani, likasemwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani, ambako Bibi alikuwa mzee wa kikundi na neno lake lingetosha. Bibi hakusema kitu. Nilimuuliza kwa nini, akaendelea kuchambua maharage. "Yeye ni mgeni, atapata pengine," alisema. "Mimi nitazikwa hapa na hawa." Nilimpenda Bibi, na sijawahi kumsamehe maneno hayo.

Ujirani ulikufa. Hakuna aliyegombana na Mama Keki. Waliacha tu kuja. Sufuria ya mchanga ikakaa baridi. Alipokuwa anafunga mizigo ya kurudi Tanga nilimsaidia kukunja magodoro, na nikamwambia nimechukizwa na watu. Aliinua mabega. "Wewe umechukizwa. Mie nimefukuzwa. Si kitu kimoja hicho, mwanangu." Alinipa vijidomo vyake vya bati nikavikataa. Sikutaka kushika ua tena, na sijashika. Nimepika jikoni kwa watu Kikatiti, nimepalilia mboga Nduruma, nimefua mashuka kwenye hoteli za watalii, na kila jiko nililoingia waliponiuliza kama najua kupamba keki nilisema sijui, nikaomba viazi nimenye. Watu husema situlii. Mimi nilitulia mara moja.

Siku ile ya duka nilipanda mpaka kwetu. Sijui nilitafuta nini. Bibi alishazikwa hapo na hao, kama alivyotaka, na shamba likagawanywa na wajomba, likauzwa vipande vipande. Migomba imekatwa. Pale kwa Mama Keki kuna ukuta mrefu na geti la nyumba ya wageni, na michongoma imebaki kisiki kimoja. Mfereji umejengewa saruji, maji huja kwa zamu, na siku ile haikuwa zamu. Niliinama nikagusa chini, pakavu, pana vumbi na mfuniko wa soda. Hakuna anayetwanga sukari. Hakuna anayejua kwamba mikono lazima ipoe kwanza.

Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbivu njiani alinikazia macho, uso wake ukafunguka. Nikadhani atanikumbuka kwa jina, au kwa Bibi.

"Wewe si yule wa boksi?" akasema, akacheka kwa upendo kabisa, akanichagulia ndizi nzuri.

Mama yuko Dar. Mwanaume wa miwani hakumwoa. Safari ile ya kurudi hawakusemeshana, nilikuja kusikia, na walipofika kila mtu akaenda kwake. Tulikaa miaka mingi bila kusalimiana, halafu akaugua, nikaenda, kwa kuwa mimi ndiye mwanawe na sikuwa na kazi ya kunizuia. Ana kisukari. Macho yamepungua, na nikienda kwake miguu nalazimika kuiangalia mimi, maana akijikata hasikii. Vitu vitamu amekatazwa kabisa, hata chai anakunywa bila sukari. Mara ya mwisho nilipokuwa kwake nilikuwa nimekaa chini namkata kucha, yeye amelala anatazama dari. Tulikuwa hatujawahi kuitaja siku ile.

"Ile ya chini," akasema ghafla. "Ilikuwa tamu?"

Mkasi ukasimama mkononi mwangu. Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilitafuta ladha yake mdomoni nimpe, na sikuipata.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Na mimi sikuionja."